Kalenda ya Watu Waliobadilisha Dunia

Wairimu alinipigia simu nikiwa bado na ndoo ya maziwa mkononi, hapa kwangu Naro Moru, na kabla hajasema kitu nilijua. Watu wa umri wangu tumeshazoea kuutambua msiba kwa jinsi mtu anavyovuta pumzi kwenye simu. "Mwalimu," akasema, "mama ametuacha. Alilala jana baada ya chai ya saa nne, na hakuamka." Nikampa pole zote nilizokuwa nazo. Kisha akaniambia kilichomfanya anitafute mapema hivyo. "Kuna daftari aliacha. Aliandika maisha yake mwenyewe, hakutaka sisi tumwandikie. Na alisema wewe ndio utasoma siku ya mazishi. Ati usome yote, vile iko. Ati usiruke." Nikaiweka ndoo chini. Wairimu aliona ni heshima tu, mwalimu kumsomea mwanafunzi wake wa zamani wasifu mbele ya watu. Hakujua alichokuwa akiniambia. Niliketi kwenye kigoda cha kukamulia mpaka ng'ombe akaanza kunisukuma kwa kichwa.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipopelekwa Mukurweini, katikati ya miaka ya tisini, kufundisha ngumbaru. Ndivyo tunavyoyaita madarasa ya watu wazima wasiojua kusoma, na jina lenyewe lina kejeli kidogo ndani yake. Wanawake kumi na wanne waliokuja siku ya kwanza walijiita hivyo wenyewe kabla mtu mwingine hajawaita. "Sisi ni ngumbaru," Cucu Gathoni akaniambia akifungua kitenge chake, "lakini chai tunajua kupika, usijali." Cucu ni nyanya, na wote kwangu walikuwa macucu. Darasa letu lilikuwa stoo ya zamani ya kiwanda cha kahawa, yenye dirisha moja, na harufu ya maganda ya kahawa yanayooza iliingia humo mwaka mzima hata nguo zangu zikawa na harufu hiyo. Ubao tulikuwa nao, chaki tulikuwa nazo, lakini vitabu tulivyoahidiwa havikufika. Nikashuka Nyeri mjini Jumamosi moja kutafuta chochote chenye maandishi makubwa, na muuza mbolea mmoja akanipa kalenda iliyombakia. Ilikuwa na picha kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, na juu yake pameandikwa: Watu Waliobadilisha Dunia. Niliitundika kwenye msumari uliokuwa ukishikilia mizani, nikajiona mjanja sana.

Siku hiyo ya kwanza mwanamke mmoja mrefu, mkimya, aliyevaa sweta ya kijani ya mtu mwingine, aliniuliza jina. Nikamwambia Nyaguthii. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Huyo ni mama yangu," akasema. Alikuwa Wangechi, mama yake Wairimu. Mama yake mzazi aliitwa Nyaguthii, na kwetu mtu anayebeba jina la mama yako ni mama yako, hata kama ni msichana wa miaka ishirini asiyejua kuwasha moto wa kuni mbichi. Tangu dakika ile aliniita Maitu, yaani mama, na hakuwa anatania. Alinipa chai kabla ya wengine. Nikiingia jikoni kwake aliondoka kwenye kiti chenye mgongo ili nikalie mimi. Wiki haikuisha kabla hajanipa na mahali pa kulala, chumba cha mwanawe Ndiritu, kilichosimama peke yake karibu na migomba. Ndiritu alikuwa Mombasa, mpakiaji mizigo bandarini, na hakuwa amerudi kwa miaka mitatu. Nililala kitandani pake, na viatu vyake vya shule vilikuwa chini ya kitanda, vimepakwa rangi na kufungwa kamba kana kwamba angevivaa Jumatatu.

Nikikumbuka furaha ya mwaka ule nakumbuka ile kalenda. Wanawake wale hawakuweza kuyasoma majina ya wakubwa wa dunia, kwa hiyo waliwapa majina yao. Aliyesema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, akafungiwa nyumbani mwake kwa kusema hivyo, alikuwa Mzee wa Darubini. Yule mwuguzi aliyewatembelea askari majeruhi alikuwa Mama wa Taa. Mwanasayansi mwenye nywele zilizosimama waliomba nimfunike kwa kipande cha gazeti kwa sababu Gathoni alisema anamkumbusha mume wake akiamka. Waliyempenda kuliko wote ni yule aliyegundua vijidudu kwenye maziwa, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na ng'ombe, na kila mmoja alikuwa amewahi kumwaga maziwa yaliyoharibika. Nilikuwa nimezoea shuleni kuwasoma watu hawa kwa miaka na vita na uvumbuzi. Macucu waliuliza maswali ambayo sikuwahi kuyasikia. Alipewa jina la nani? Nani alimpikia akiwa anaangalia nyota? Mama yake alikuwa hai siku alipofungwa? Nikaanza kuona kwamba sikuwajua watu hao hata kidogo.

Mwezi wa nne ulituletea mzee aliyevaa shuka, aliyewatoa Waingereza India bila kushika silaha. Nilieleza kwa fahari, maana hilo somo nililijua. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Wanawake hawa walikuwa wasichana wakati wa Emajensi, ile miaka ya vita vya Mau Mau, walichimba handaki kuzunguka vijiji walivyofungiwa, na baadhi yao walipeleka chakula msituni. "Hakushika bunduki?" Gathoni akauliza. "Na wakaenda?" Nikasema ndiyo. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Basi sisi hatukuambiwa," akasema, na Wangechi aliyekuwa karibu naye akamshika bega. Tulirudi kwenye silabi zetu.

Barua ya kwanza ilikuja mwezi wa saba, katika baridi ile ya ukungu usiotoka mpaka saa sita. Iliingia kupitia sanduku la posta la kanisa, na Wangechi akaniletea jikoni tukiwa tunachambua maharagwe. Kabla yangu barua zake alisomewa na mwenye duka, na alisema hakumpenda kwa sababu alisoma kwa sauti hadi wateja wakasikia. "Sasa niko na maitu yangu," akasema, akajifuta mikono, akaketi akinitazama mdomoni. Ndiritu aliandika kwa Kikuyu, kwa mwandiko wa kuinamia kushoto. Mstari wa kwanza haukuwa wa mama yake. Ulikuwa wangu. Wewe unayemsomea mama, aliandika, nakusalimia. Tafadhali chagua maneno, moyo wake si mzima. Kisha: Mama, niko hospitali tangu mwezi wa tano. Ni kifua, na daktari ameniambia ugonjwa wenyewe ulio nyuma ya kifua, huo ambao siku hizi watu hawautaji. Sina nguvu ya kusafiri peke yangu. Kama bado niko na mahali hapo nyumbani, tuma mtu aje anichukue. Kama hapana, nitaelewa.

Nimejiuliza maswali mengi juu ya dakika ile. Kweli Wangechi alikuwa na shinikizo la damu, na kweli alikuwa ameanguka shambani mwezi mmoja kabla. Kweli kijana aliniomba nichague maneno. Nami nilikuwa na miaka ishirini, na ugonjwa ule uliniogopesha hata ukidokezwa tu kwenye karatasi. Lakini kuna sababu nyingine ambayo nilichukua miaka mingi kuikubali, nayo ni kwamba nilikipenda kile chumba. Nilipenda kuamka nikisikia majani ya migomba, nilipenda kuitwa Maitu na kupewa kiti chenye mgongo. Mwenye chumba akirudi mgonjwa, mimi ningekwenda wapi? Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate. Nikafungua mdomo, nikasoma: "Mama, niko salama. Nilikuwa na kikohozi, kimepona. Kazi ni nyingi. Nitakuja Krismasi." Wangechi akafumba macho, akasema asante kwa Mungu, kisha akasema asante kwangu. Akaitia barua kwenye kopo la mafuta ya kupikia alimokuwa akihifadhi barua zote.

Nilijiambia kwamba nitamwambia taratibu, mwisho wa wiki. Kesho yake akataka kujibu. Niliandika alichonitamkia, neno kwa neno, maana katika kuandika nilikuwa mwaminifu kabisa. Alisema niandike kwamba ng'ombe amezaa ndama jike, kwamba kahawa imetoka vizuri, kwamba baridi ni kali. "Andika hivi," akasema mwishoni akicheka, "kwa chumba yako siku hizi kuna mtu. Ni maitu, ananifunza kusoma. Mwambie asiwe na wasiwasi na viatu, ziko tu." Mkono wangu uliandika. Nilijua kijana mgonjwa Mombasa angesoma nini katika maneno hayo, nikabandika stempu.

Jibu lilikuja mwezi wa tisa, fupi sana, na lile halikunilazimu kudanganya. Nililisoma lote. Mama, nimepata barua. Nimefurahi kwa ajili ya ndama. Kuhusu chumba, nimeelewa. Kaeni vizuri. Wangechi alingoja niendelee. "Imeisha?" akauliza. Nikasema imeisha. "Ameelewa nini kuhusu chumba?" Nikasema ameelewa kwamba mimi ndiye ninayelala huko. Alirudia maneno yale peke yake, ameelewa, ameelewa, kama mtu anayeonja mchuzi na kujua kuna kitu kimekosekana. Hakuniuliza tena. Lakini tangu siku hiyo alikuja darasani kabla ya mtu yeyote na kutoka wa mwisho. Herufi za chapa alikuwa tayari anazisoma. Sasa alitaka nimfundishe herufi za mkono, zile zinazoshikana, na akaniambia nianze na mwandiko wa kuinamia kushoto. Nilimfundisha. Siwezi kusema sikujua anataka nini. Nilijua, na kila siku nilipomshika mkono kuuongoza kwenye daftari, sehemu moja yangu ilikuwa ikimwomba afike haraka, kwa kuwa mimi mwenyewe nilishindwa kusema.

Mwezi wa kumi na moja alikuja afisa wa elimu ya watu wazima kutoka Nyeri kutukagua, bwana mmoja mpole mwenye mkoba wa ngozi, asiyetoka kwetu, kwa hiyo siku hiyo tulisema Kiswahili. Aliipenda kalenda. Akasimama mbele yake, akasema angependa kusikia mawazo ya wanafunzi, si silabi tu. "Hebu niambieni, kina mama. Katika historia yote ya dunia, ni nani aliyeibadilisha zaidi?" Gathoni akasema ni yule wa maziwa. Mwingine akasema Mwokozi, na kwamba alishangaa tangu Januari kwa nini hawakumweka. Afisa akacheka, akaandika. Kisha Wangechi akasimama. Alikuwa amekuja na lile kopo, nami nilikuwa nimeliona na nikalazimisha macho yangu yatazame ubao. "Mimi naona huyo mtu hayuko hapa," akasema. "Nani, mama?" "Mwenye alianza kuandika. Yule wa kwanza kabisa." Afisa akasema hilo ni jibu zuri, lakini mtu huyo hajulikani jina. "Hata kama. Mngeacha nafasi yake tupu, mtu aulize." Akaniangalia mimi, si afisa. "Kwa sababu ukijua kusoma, mtu yako anaweza kukuambia kitu akiwa mbali, na hakuna mwenye atasimama hapo katikati." Afisa akampigia makofi, darasa likapiga pia. Mimi nilipiga makofi pamoja nao.

Tulirudi nyumbani pamoja, yeye mbele. Jikoni aliweka maji ya chai kama kawaida. Halafu akafungua kopo, akatoa barua ya mwezi wa saba, akaisoma kwa sauti mbele yangu, akiweka kidole chini ya kila neno. Alianza na ule mstari wa juu. Wewe unayemsomea mama. Chagua maneno. Alisoma polepole sana, akikwama, akirudi nyuma, na sikuweza kumsaidia wala kumzuia. Kwenye neno mahali alikaa muda mrefu. Alipofika mwisho aliikunja. Nikalia, nikaanza kusema juu ya moyo wake, juu ya kuanguka shambani, juu ya kuogopa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Alikuambia uchague maneno," akasema. "Hakukuambia uchukue." Kisha akanimiminia chai, akanisogezea kikombe. "Kunywa, Mwalimu. Kesho mimi naenda Mombasa."

Watu wengi wameniita Mwalimu tangu siku ile, na wote wamekusudia heshima. Wangechi naye hakulisema kwa ukali. Aliliweka tu mahali pa lile jina lingine, na lile lingine hakulisema tena mbele yangu kwa miaka yote iliyobaki.

Alikwenda peke yake. Alikuwa hajawahi kupita Nyeri, na baadaye Gathoni alinisimulia jinsi alivyosoma vibao vya mabasi kule Nairobi kwa sauti, watu wakimcheka, mpaka akapata lililoandikwa Mombasa. Siku ya kumi alirudi na mwanawe. Mimi nilikuwa nimefagia chumba, nimeweka shuka safi, nimehamia kwa Gathoni, na sanduku langu lilikuwa tayari kwa safari ya kwetu. Wangechi alinikuta njiani. "Unaenda wapi? Darasa haijaisha," akasema. Nikabaki. Nilimaliza mwaka, na wanawake tisa walifaulu mtihani, Wangechi akiwa wa kwanza. Kila jioni nilipeleka maziwa kwa Ndiritu na kumsomea gazeti, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka, nikasoma kila kitu, hata matangazo ya mnada. Alikuwa mwembamba na mwenye adabu nyingi. Siku moja akaniuliza, "Ni wewe uliandika ile barua ya ndama?" Nikasema ni mimi. Nilingoja aseme lolote, ningelipokea. "Una mwandiko mzuri," akasema, akageukia ukuta. Alikufa mvua za masika zilipoanza, kitandani pake. Alikuwa nyumbani kwa karibu miezi mitano. Ile mingine, ambayo ningeweza kumpa, sina namna ya kuirudisha, na sijawahi kupata mtu wa kumwomba msamaha kwa ajili yake isipokuwa yule ambaye hakutaka kulizungumza.

Jumamosi tulimzika Wangechi karibu na mwanawe, chini ya mstari wa mwisho wa kahawa. Gathoni alikuwepo, ameletwa kwa kiti cha magurudumu, akinishika mkono bila kunitambua vizuri. Wairimu alinipa daftari nikiwa nimeshasimama mbele ya watu, kwa hiyo sikupata nafasi ya kulisoma kwanza. Lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ngumu, kama tunavyofunika madaftari ya shule kwa kalenda za mwaka uliopita, picha ikiwa upande wa ndani. Nilipolifungua, Mama wa Taa alichungulia kwenye ukingo wa jalada. Ndani ziliandikwa herufi kubwa, za penseli, zimesimama wima moja moja.

Nilisoma alizaliwa lini na kwa nani. Nilisoma habari za handaki, za ndoa, za watoto. Nilisoma habari za kahawa iliyokauka na ng'ombe aliyemwita Benki. Kisha nikageuza ukurasa, nikauona mwaka wetu, nikaacha kusoma. Watu walidhani ni huzuni tu, mmoja akasema, "Pole, Mwalimu, chukua wakati." Wairimu alinitazama. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikasoma vile ilivyo.

MWAKA HUO MAITU ALINIFICHA UGONJWA WA MTOTO WANGU. MWAKA HUO MAITU ALINIFUNZA KUSOMA.

Wazee walinong'onezana. Waliomjua mama mzazi wa Wangechi walijua kwamba alikufa zamani, na kwamba hakuwahi kushika penseli. Mchungaji alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesoma sawasawa. Nikamwambia ndiyo, ndivyo alivyoandika. Nikaisoma mistari ile miwili mara ya pili, kwa sauti iliyofika nyuma, kisha nikaendelea na majina ya wajukuu, mmoja mmoja, bila kuruka hata mmoja.